Nililiita Duka Mwizi

Niliwahi kuandika gazetini kwamba wenye maduka ya programu za simu hawastahili hata senti moja ya ada ya usajili. Makala ile ilisambaa kwenye makundi ya WhatsApp, watu wakanipigia kunipongeza, nami nikaamini kesi imekwisha. Kisha nikaifanyia majaribio hoja yangu kwa fedha za watu wengine. Walioumia hawakuwa wenye maduka. Walikuwa wateja wetu, na mmoja wao ni bibi wa Muscat ambaye hadi leo nikikumbuka barua zake naona haya.

Naandika kuungama. Ila msomaji itabidi anivumilie nieleze pia yale ambayo bado nayaamini, kwa sababu kosa langu lilijificha ndani ya jambo la kweli, na bila kulieleza hilo la kweli hataelewa niliwezaje kuwadhulumu watu huku nikijiona mtetezi wao.

Tulikuwa wawili: mimi Dar es Salaam, mwenzangu Marekani, jimbo la Ohio. Tulitengeneza programu ya hadithi za sauti kwa watoto wa Waswahili waliozaliwa ughaibuni, wale ambao nyumbani wanasikia Kiswahili cha "njoo ule" na "lala sasa" lakini hawajapata kumsikia Sungura akimhadaa Fisi mwanzo hadi mwisho. Wasimulizi wetu walikuwa wazee wa Tanga, Lamu na Unguja. Tuliwarekodi majumbani mwao, na ukitega sikio unasikia majogoo, na kwenye hadithi moja adhana ya alasiri inaingia katikati, msimulizi ananyamaza mpaka iishe, kisha anaendelea pale pale alipoachia. Hatukuikata. Ada ilikuwa dola 3 kwa mwezi, na kila msimulizi alikuwa na fungu lake katika mapato.

Fedha zilipitia kwenye maduka mawili ambayo kila mwenye simu janja anayajua. Apple ilipofungua duka lake Julai 2008, likiwa na programu kama 500 hivi, mgawanyo ulikuwa asilimia 70 kwa mtengenezaji na 30 kwa duka. Wengi waliona ni nafuu, na aliyewahi kuuza miito ya simu au habari za ujumbe mfupi kupitia kampuni za simu anajua kwa nini. Lakini wakati ule kilichouzwa kilikuwa kitu cha kulipia mara moja. Februari 2011 mgawanyo uleule ukapelekwa kwenye usajili: magazeti, muziki, filamu, asilimia 30 kila mwezi. Likaja pia sharti la pili, ambalo mimi naliona ndilo baya zaidi: ndani ya programu usimwonyeshe mteja njia ya kwenda kulipia kwingine. Steve Jobs wa Apple alieleza siku zile kwamba duka likimleta mteja mpya lipate fungu lake, na mchapishaji akimleta mteja mwenyewe asikatwe kitu. Ukisikiliza, unaona haki imetendeka. Sasa mteja huyo aliyeletwa na mchapishaji alipofungua programu, kitufe alichokikuta ni cha duka peke yake.

Kwenye makala yangu nilimleta dalali. Niliandika kwamba dalali wa nyumba wa Sinza au Tabata anakutafutia chumba, anachukua kodi ya mwezi mmoja, mnaagana. Hajaonekana bado dalali anayegonga mlango kila mwisho wa mwezi kudai karibu theluthi ya kodi eti kwa sababu miaka mitatu iliyopita ndiye aliyemleta mpangaji. Mfano huo ulipendwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Watu waliurudia hata pale ambapo hawakujua umetoka wapi.

Ushahidi nao haukunipungukia, wakati ule wala baadaye. Financial Times ilipokataa masharti yale, programu yake ikaondolewa kwenye duka la Apple Agosti 2011, wasomaji wakahudumiwa kwa tovuti inayofunguka kama programu. Netflix iliacha kupokea wateja wapya kupitia malipo ya iPhone mwishoni mwa 2018. Spotify ilipeleka malalamiko Tume ya Ulaya Machi 2019, na miaka mitano baadaye, Machi 2024, Tume ikaitoza Apple faini ya zaidi ya euro bilioni 1.8. Kubwa zaidi kwangu ilikuwa barua pepe iliyotolewa mahakamani mwaka 2021, kwenye kesi ya kampuni ya michezo ya Epic Games dhidi ya Apple. Iliandikwa 2011 na Phil Schiller, mmoja wa wakuu wa Apple wenyewe. Aliwauliza wenzake kama kweli 70 kwa 30 itadumu milele, akapendekeza fungu la duka lipunguzwe faida yake ikishafika dola bilioni 1 kwa mwaka. Mtu wa ndani kabisa alikuwa ameshaanza kuihoji ile 30. Nilipoisoma nilijiona nimeshika hati ya mwisho.

Yote hayo ni kweli, na sifuti hata moja. Nililolificha ni hili. Tangu Januari 2021 Apple ilikuwa ikiwatoza asilimia 15 watengenezaji wadogo, wale wasiofikisha dola milioni 1 kwa mwaka. Google ikaweka kiwango hichohicho Julai mwaka huo kwa dola milioni 1 za kwanza, na kuanzia Januari 2022 ikaushusha usajili wote hadi 15 tangu mwezi wa kwanza. Sisi tulikuwa wadogo kweli kweli. Tulikuwa tukikatwa 15. Niliandika 30 kutoka juu hadi chini ya makala, taarifa yetu ya mapato ikiwa imefunguliwa mbele yangu, kwa kuwa 30 inauma zaidi kuisoma. Mhariri hakujua. Mimi nilijua.

Makala ilipovuma nikamshawishi mwenzangu tuhame. Kwa programu za kusoma na kusikiliza masharti ya wakati ule yaliruhusu mteja alipie kwenye tovuti yako, kisha aingie kwenye programu kwa anwani yake na nywila, mradi ndani ya programu usitaje alipie wapi. Mwenzangu alitaka tupige hesabu kwanza. Nilimwambia hili ni suala la haki, hesabu zitajipanga zenyewe. Tukawaandikia wateja wote kwamba wakihamia kwenye tovuti, kwa ada ileile ya dola 3, fungu la wasimulizi litaongezeka. Sentensi hiyo niliitunga mimi.

Hesabu niliyoikimbia ni fupi. Kwenye dola 3, asilimia 15 ya duka ni senti 45. Kampuni za kupokea malipo ya kadi Marekani, kwa bei ya kawaida wanayoitangaza, hutoza asilimia 2.9 ya muamala na juu yake senti 30. Anayeuza kiatu cha dola 100 haoni kitu. Anayeuza hadithi kwa dola 3, zile senti 30 peke yake ni sehemu ya kumi ya ada, ongeza 2.9 unafika karibu senti 39. Kadi ikiwa ya nje ya Marekani kuna nyongeza, fedha ikibadilishwa kuna nyongeza nyingine, na wateja wetu wengi walikuwa Oman, Uingereza, Ujerumani na Sweden. Tofauti niliyoipigia kelele ukurasa mzima ilikuwa senti 6 kwa mteja wa Ohio. Kwa mteja wa Muscat haikuwepo.

Halafu kodi. Anayenunua huduma ya kidijitali akiwa Ujerumani anatozwa kodi ya ongezeko la thamani asilimia 19, Uingereza 20, Sweden 25. Duka lilikuwa likizikata, likijaza fomu na kuziwasilisha kila nchi, na sisi hatukuwa tumewahi kuifikiria kazi hiyo hata siku moja. Ikaangukia kwa mwenzangu, mtu mwenye ajira ya mchana na watoto wadogo. Alikuwa akinitumia picha za fomu usiku wa manane wa kwao, nami namjibu avumilie kidogo. Nilizoea haraka mno kumwambia mtu mwingine avumilie.

Wasimulizi hawakuongezewa kitu. Baada ya makato ya kadi na kodi, fungu lao lilipungua.

Wateja wapya nao wakakauka. Mzazi wa London anasikia habari zetu msikitini au harusini, anapakua programu, anakutana na visanduku viwili, anwani na nywila, basi. Hakuna pa kujiunga wala pa kuuliza, maana tulikuwa tumekatazwa kumwambia. Anaifuta. Hilo ni kosa la duka, na nitalirudia hapa chini, kwa sababu sitaki kuungama kwangu kuwape wenye maduka hati ya usafi wasiyoistahili.

Lakini kosa la bibi ni langu mimi.

Yeye alizaliwa Unguja akaolewa Oman, na alikuwa akiwawekea wajukuu hadithi jioni. Tulipowaomba wateja wahame alihama siku ileile, kwa kutuamini. Tulichosahau kumweleza, au tulichoeleza chini kabisa ya barua ambako hakuna anayefika, ni kwamba kujiunga kwenye tovuti hakukufuta usajili wake wa dukani. Kuanzia mwezi uliofuata akawa anakatwa pande mbili. Baada ya muda akatuandikia. Barua hiyo ninayo: "Mwanangu, shukurani kwa hadithi, watoto wamezipenda sana. Sasa wamerudi kwa mama yao na mimi sisikilizi peke yangu. Nakuomba msinikate tena."

Kwenye tovuti yetu hapakuwa na kitufe cha kujiondoa. Palikuwa na mstari usemao anayetaka kuacha atuandikie barua pepe. Kwa nje nilisema hatujapata muda wa kukitengeneza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaona, kwenye jedwali ninalolijaza kila wiki, kwamba wanaoomba kuacha ukiwachelewesha kidogo baadhi yao husahau, na kila mwezi wanaosahau ni dola 3. Sikuwahi kumwambia mtu maneno hayo. Nilifungua tu safu kwenye jedwali, nikaiita "Kufuatilia", nikawa naingiza majina humo. Barua ya bibi niliisoma, nikaingiza jina lake, nikaendelea na kazi.

Akaandika tena: "Mwanangu, labda barua yangu haikufika. Mwezi huu nimekatwa mara mbili." Nikajibu kwa heshima zote, shikamoo bibi, samahani bibi, la dukani halimo mikononi mwetu, la kwetu tunalishughulikia. Sikulishughulikia. Mjukuu wake wa kike alipokuja kumtembelea alichukua simu, akafungua orodha ya usajili, akabonyeza mara moja, duka likasimama. Akaomba na marejesho kwa ile miezi ya kukatwa pande mbili, na yakaja. Kwetu aliendelea kukatwa. Mwishowe binti yake alimwandikia mwenzangu moja kwa moja, barua isiyo na tusi hata moja, amepanga tarehe na viwango kwa mstari.

Mwenzangu akanipigia. Hakupandisha sauti. "Kaka, duka unaloliita mwizi limemrudishia bibi wa watu fedha zake. Sisi bado tunazo. Halafu nimefungua hiyo safu yako ya Kufuatilia. Hawa wote ni akina nani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Nilianza kumweleza habari za asilimia 30, akaniacha niongee mpaka nikajisikia mwenyewe ninachosema, nikanyamaza.

Kumfanya mtu ashindwe kujitoa kwenye malipo aliyoyachoka ni dhuluma, na wakubwa wameifanya kwa kiwango cha kutisha: Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya serikali ya Marekani juu ya namna ilivyowaingiza watu kwenye usajili wa Prime na kuwapa tabu ya kujitoa. Sisi tulikuwa na wateja wa kujaza daladala chache, na nia ilikuwa ileile. Nilikuwa nimelipinga duka lisichukue fungu la fedha ya mteja, huku nikijiachia mimi niichukue yote kutoka kwa mtu aliyeniomba niache.

Hapo ndipo mfano wangu wa dalali unapovunjika. Dalali akishalipwa anakwenda zake. Hakusanyi kodi, hapokei malalamiko, hamrejeshei mpangaji fedha, haendi ofisi ya kodi kwa niaba ya mwenye nyumba. Duka linafanya yote hayo kila mwezi, na linafanya pia jambo ambalo mwenye bidhaa anaweza kuwa na sababu ya kutolitaka: linamshika mteja mkono anapotaka kuondoka. Wakati naandika makala ile nililiona fungu la duka kama fedha iliyotoka mfukoni mwangu, nikashindwa kuona kwamba sehemu yake ilikuwa inamlinda mteja dhidi ya mtu kama mimi.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kama mwenye duka anastahili fungu katika ada ya usajili, nasema anastahili kulipwa kazi anayoifanya mwezi huo. Kwa ada ndogo kama yetu, asilimia 15 naiona iko karibu na haki, na nimeifikia hesabu hiyo kwa kuifanya kazi yenyewe vibaya. Kwa asilimia 30 sijabadilika. Kiwango hicho kilianza kushuka pale tu wenye duka walipobanwa: mwaka 2016 Apple ikatangaza 15 kwa mteja aliyepita mwaka mmoja, na punguzo la wadogo likatangazwa Novemba 2020, miezi michache baada ya Epic kwenda mahakamani. Gharama za kuhudumia malipo hazikuporomoka kwa nusu kati ya tarehe hizo. Kilichobadilika ni nani anatazama.

Kuhusu kumfunga mtu mdomo, sitarudi nyuma. Mzazi yule wa London aliyefuta programu yetu alinyimwa taarifa, na hakuna huduma yoyote ya duka inayolipwa kwa mteja kunyimwa taarifa. Septemba 2021, kwenye kesi ileile ya Epic, Jaji Yvonne Gonzalez Rogers wa California aliiamuru Apple iwaache watengenezaji waonyeshe njia nyingine ya malipo. Agizo lilipoanza kutekelezwa, Januari 2024, Apple iliruhusu kiungo, ila ikadai hadi asilimia 27 ya kinachonunuliwa kupitia kiungo hicho. Ukijumlisha gharama za kadi, aliyetoka anajikuta palepale. Aprili 30, 2025 jaji huyo alisema agizo lake limekiukwa kwa makusudi, na kwenye uamuzi wake akaandika kwamba ndani ya kampuni alikuwepo mtu aliyeshauri watii, akapuuzwa na Tim Cook, mkuu wa kampuni wakati huo. Mtu huyo ni Phil Schiller, yuleyule wa barua pepe ya 2011. Mabishano juu ya kiwango gani ni halali yaliendelea kwenye rufaa. Mimi kipimo changu ni hiki: mteja aione milango yote miwili na bei zake. Akichagua wa duka kwa sababu ni rahisi kuingia na kutoka, basi fungu la duka limelipwa kwa hiari. Akiuchagua kwa sababu mwingine umefichwa, hapo makala yangu ya kwanza ilikuwa sahihi.

Ningeandika hivyo tangu mwanzo, ingekuwa hoja nzuri. Niliandika "hata senti moja", kwa sababu senti moja inapigiwa makofi, na wakati huo nilikuwa napenda makofi.

Tumerudisha usajili wa dukani. Wa tovuti bado upo, una kitufe cha kujiondoa kwenye ukurasa wa kwanza wa akaunti, na mwenzangu ndiye anayeshika orodha ya wanaoondoka. Mimi niliomba nisiishike. Fungu tulilowaahidi wasimulizi nililitoa mfukoni mwangu, na kwa kila mmoja nilikwenda au nilipiga simu kumweleza kwa nini linakuja limechelewa. Mzee wa Tanga alinisikiliza hadi mwisho, akasema hakujua kwamba jina lake lilitumika kuombea fedha, na kwamba siku nyingine nimuulize kwanza. Gazeti lilinichapishia masahihisho ya ile 30.

Bibi wa Muscat nilimpigia mwenyewe. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba barua yake ya kwanza ilifika na niliisoma siku ileile. Fedha zake alikuwa ameshazipata. Aliniuliza jambo moja: wako wengine? Nikamwambia wako.

Wengi tumewarudishia. Kwenye orodha bado wamo ambao kadi zao zimeisha muda na anwani zao hazipokei barua. Fedha zao tumezitenga kwenye akaunti ambayo sina saini yake. Kama uliwahi kulipia hadithi zetu kwenye tovuti, ukaomba kuacha na ukaendelea kukatwa, tuandikie. Risiti hatutakuuliza.